Baba kafariki katikati ya semista, UE (mitihani ya mwisho wa semista) wiki tatu zijazo na sijasoma chochote. Chuo kinaweza kunisaidia nini?

kijana_wa_mbinga

Habari zenu wakuu, naomba mnivumilie maana sijui hata nianzie wapi.

Niko mwaka wa pili chuo kimoja mkoani, nyumbani Mbinga. Mwezi wa 12 tarehe za mwanzoni nilipigiwa simu na baba mdogo akaniambia panda gari uje, hakusema kitu kingine, nikajua tu. Nimefika nimekuta turubai limeshafungwa. Mzee alikuwa anasumbuliwa na presha ila hakuna aliyetegemea. Nikakaa msibani hadi matanga yakaisha, na baada ya hapo nikashindwa kuondoka maana mimi ndio wa kwanza, nyuma yangu kuna wadogo watatu na mama alikuwa hali chakula. Jumla nimekosa wiki tano.

Nimerudi nimekuta testi mbili zimepita na asaimenti ya kundi wameshawasilisha bila jina langu, siwalaumu. Nimemfuata mwalimu mmoja nikamweleza, akaniambia kila mtu ana matatizo, nenda kasome. Nimekosa hata nguvu ya kubishana.

Shida yangu sio testi peke yake. Silali. Nakaa na daftari masaa matatu nasoma ukurasa mmoja. Rumeti wangu ananiambia naongea usingizini. Kuna usiku nawaza bora ningelala nisiamke, sisemi kwamba nataka kujidhuru, ila nawaza hivyo.

Na hela ndio hiyo. Mkopo ninao lakini ada nalipiwa nusu, nusu nyingine mzee alikuwa analipa msimu wa kahawa wakishalipwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Sasa hivi nadaiwa, na bila kumaliza ada sipati namba ya mtihani.

Nimesikia kuna ofisi ya ushauri nasaha hapa chuoni, ila watu wanasema ukienda pale unaandikwa faili unaonekana chizi na walimu wanajua. Naomba kujua kwa aliyewahi kupitia, kweli chuo kinaweza kumsaidia mtu kama mimi au nirudi tu nyumbani nikasimamie shamba? Nimechoka kwakweli.

Babu Chogo

Pole sana mdogo wangu, Mungu amlaze mzee mahali pema. Ushauri wangu rudi nyumbani ukae na mama, afya kwanza, chuo kipo tu hakihami, mwakani utarudi ukiwa na akili imetulia.

mzee_wa_sapu

Babu Chogo naheshimu sana lakini hapo kwenye "rudi nyumbani chuo hakihami" naomba nikupinge kwa nguvu zote maana ndio kitu kilichonimaliza mimi.

Mdogo wangu wa Mbinga soma hii taratibu. Mwaka 2016 nilikuwa mwaka wa pili kama wewe, mama akalazwa, nikafungasha begi nikaondoka. Nilimwambia CR tu, yani kiongozi wa darasa, na washkaji wawili, nikajua inatosha si kila mtu anajua mama mgonjwa. Nimekaa nyumbani miezi minne namuuguza, UE ikapita. Nimerudi mwaka mpya wa masomo nikiwa na furaha mama kapona, nafika kujisajili mfumo unanikataa. Naenda idarani naambiwa wewe umetoroka masomo, umeshadisko, yani umeondolewa chuo. Nikaonyesha vyeti vya hospitali, vyote halisi, vina mihuri. Yule mama wa ofisini akaniangalia kwa huruma kabisa akaniambia mwanangu, hizi karatasi ungezileta kabla, mimi hapa ningekugongea muhuri siku hiyo hiyo. Ningepata mwaka mzima nyumbani kihalali na kiti changu kinanisubiri! Nilikata rufaa nikakosa, ikabidi niombe upya chuo kingine nianze mwaka wa kwanza na watoto niliowaacha fomu four. Mkopo nao ukanisumbua mpaka nikaachana nao nikawa najilipia kwa kuuza chipsi.

Kwahiyo kuna KUTOROKA na kuna KUAHIRISHA, kwa macho ni kitu kimoja, wote mko nyumbani mnalima, tofauti ni karatasi moja tu yenye muhuri. Mtu ana sababu zote za haki duniani na bado anapoteza kwasababu hakuandika.

Na kuahirisha kwenyewe kuna namna mbili usichanganye. Kuna kuahirisha mitihani tu, yani unabaki mwanachuo, unaendelea na darasa la semista ya pili, ile mitihani unakuja kuifanya kama spesho wakati wenzio waliofeli wanarudia mitihani yao, yani sapu, na spesho inahesabika ni mara yako ya kwanza, haikatwi maksi wala haiandikwi sapu. Halafu kuna kuahirisha masomo semista nzima au mwaka, unaondoka kabisa, unarudi kuungana na wanaokufuata. Kila chuo kina prospektasi yake na masharti yake, itafute uisome sehemu ya mitihani, ila hakikisha barua inaingia KABLA ya mtihani kuanza. Ukishaingia chumba cha mtihani ukakaa ukaandika jina, hata kama ulikuwa unalia, hayo ndio matokeo yako.

Wiki tatu ni nyingi sana. Usilale na hili.

DadaMshauri

Kijana pole sana kwa msiba. Nimefanya kazi ofisi ya mshauri wa wanafunzi miaka kadhaa, sio chuoni kwenu, nitakwambia ninavyojua kutoka ndani.

Kwanza hilo la kuwaza bora usiamke. Nashukuru umelisema, watu wengi wanalificha hilo wanakuja kuuliza ada. Naomba leo hii, usisubiri Jumatatu, umwambie rumeti wako kwa maneno hayo hayo uliyotuandikia sisi, asikuache peke yako usiku, na kesho asubuhi muende naye zahanati ya chuo. Ukifika dirishani sema tu una shida ya usingizi, ukiingia kwa daktari mwambie yote. Kadi ya bima ya afya ya NHIF ile ya wanafunzi tuliyokuwa tukilipia 50,400 kwa mwaka kazi yake ni hiyo, sio malaria peke yake. Zahanati ikiona inazidi uwezo wao watakuandikia rufaa hospitali ya mkoa, na kuna mikoa ina madaktari wa afya ya akili kabisa, Dodoma kuna Mirembe, Dar kuna idara Muhimbili. Na hayo mawazo yakikuzidi usiku wa manane usingoje kuche, mwamshe rumeti, mwamsheni mlezi wa hosteli, muende hospitali usiku huo huo. Mlezi wa hosteli analipwa ili aamshwe.

Pili kuhusu faili na uchizi. Mshauri nasaha hapeleki maneno yako kwa walimu. Unachozungumza kinabaki pale isipokuwa kukiwa na hatari ya maisha, yako au ya mtu mwingine, hapo ndio anaruhusiwa kumshirikisha mtu na mara nyingi anakwambia kwanza. Mwalimu wako akipata kitu kutoka ofisi yetu basi ni barua ya mistari minne, mwanafunzi huyu ana sababu za msingi tunaomba apewe nafasi, haisemi analia wala halali. Tena nikwambie ukweli wanafunzi wengi niliowaona walikuja kwa misiba na kuachwa na wapenzi na ada, watu wazima kabisa wana akili zao, viongozi wa serikali ya wanafunzi wakiwemo. Ubaya ni kwamba ofisi zenyewe zina watu wachache, unaweza kuta mshauri mmoja na foleni ya maelfu ya wanafunzi, kwahiyo ukienda ukaambiwa njoo wiki ijayo usikate tamaa ukaondoka, mwambie wazi mimi nimefiwa na mitihani ni wiki tatu, silali. Sema hivyo hivyo. Watakuingiza.

Tatu karatasi. Mzee wa sapu kasema vizuri. Unahitaji cheti cha kifo, kama hakijatoka basi tangazo la kifo la hospitali au barua ya mtendaji wa kijiji inayosema marehemu ni nani na wewe ni nani kwake, mpigie baba mdogo akupigie picha akutumie wakati original inakuja kwa basi. Barua yako unaandika kwa mkuu wa idara au mkuu wa kitivo kutegemea chuo, nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Ukurasa mmoja, usiandike hadithi. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe ubaki nayo wewe. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa huwa zinapotea jamani, nimeona.

Zile testi ulizokosa ziweke kwenye barua hiyo hiyo, taja kozi kwa kozi, omba upewe testi mbadala. Mwalimu aliyekwambia kila mtu ana matatizo hukumkuta na karatasi, ulimkuta na maneno. Akipata maelekezo ya mkuu wa idara mambo yanakuwa tofauti.

Nne ada. Andika barua nyingine, usichanganye na ile, kuomba kulipa kwa awamu na kuruhusiwa kufanya mtihani wakati deni likiendelea. Inapitia kwa mshauri wa wanafunzi inaenda kwa mhasibu. Sio kila chuo wanakubali ila wengi wanasikiliza aliyefiwa na mlipaji, wanayemkatalia ni yule anayekuja asubuhi ya mtihani. Na muone afisa mikopo wa chuo umwambie hali ya nyumbani imebadilika, bodi ya mikopo wakifungua dirisha la rufaa uwe tayari, cheti cha kifo kiwe kimeshahakikiwa RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo. Hapo ndio wengi wanakwama, cheti wanacho ila hakijahakikiwa na dirisha linafungwa.

Komando_Kipensi

Poleni ila vijana wa siku hizi mnadekezwa sana, sisi tumefiwa na wazazi wote wawili tukiwa shule na tukafaulu, hakukuwa na ushauri nasaha wala nini. Mwanaume jikaze, wadogo zako wanakutazama wewe, piga kitabu.

Nuru wa Pangani

Komando pole na wewe kwa wazazi wako, nasema kwa moyo. Ila huyu kijana ameshajikaza wiki tano, kamsitiri baba, kakaa na mama, kapanda basi kutoka Ruvuma karudi kukabili testi asizozifanya. Zaidi ya hapo unataka ajikaze vipi? Mtu asiyelala hasomi, hata akae na kitabu mpaka alfajiri.

Mimi nilipata mimba mwaka wa tatu. Nilijificha kwenye madera mpaka mwezi wa saba nikijua wakigundua nafukuzwa, kumbe hakuna aliyekuwa na mpango wa kunifukuza, nilikuwa na kumbukumbu za sekondari kichwani. Aliyenishika mkono ni mama mmoja mhudumu wa maktaba, akanipeleka mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi, nikaahirisha mwaka kwa sababu za uzazi, fomu ya daktari na barua, siku mbili tu imekwisha. Nimelia miezi saba kwa kitu cha siku mbili. Nimerudi mtoto ana miezi kumi nikamaliza. Sasa hivi yupo la pili.

Ninachotaka kukwambia mdogo wangu tafuta mtu wa kwenda naye. Peke yako utafika mlangoni utaona foleni utarudi. Kama unasali, nenda kwa padre mlezi wa TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, wenzako wa vikundi vingine vya Kikristo, USCF na TAFES, nao wana walezi, sisi Waislamu tuna jumuiya yetu, hawa walezi wanajua milango yote ya chuo na wanawajua wenye funguo. Na wanachangishana kimya kimya, mimi nililipiwa nauli ya kurudi na watu ambao hadi leo siwajui. Serikali ya wanafunzi nao wana waziri wa mikopo au wa ustawi, wengine wazembe wengine wanahangaika kweli, jaribu.

Otis wa Eldy

Pole sana ndugu, nasoma hii nikiwa Eldoret. Huku Kenya kuahirisha tunaita kudefa, na story ni ile ile, usiende home bila barua. Vile huyo dada amesema kuhusu counselor ni ukweli, mimi nilienda third year baada ya brathe yangu kufariki, session sita, hakuna mtu wa darasa aliwahi jua. Pia uliza kama chuo yenu iko na kazi za wanafunzi, huku zingine kama Kenyatta University ziko na work study, unafanya kazi masaa kadhaa library ama kwa mess inasaidia fees. Na kama kuna Mkenya anapitia hayo anasoma hapa, Red Cross wako na laini ya bure 1199, usikae na hiyo mzigo usiku.

mzee_wa_sapu

Kijana uko wapi? Siku mbili kimya. Tupe neno hata moja tujue uko salama.

kijana_wa_mbinga

Nipo wakuu. Samahanini, simu ilikuwa haina bando na kichwa kilikuwa hakipo sawa.

Nilimwambia rumeti usiku ule ule kama dada alivyosema. Nilidhani atanishangaa. Aliniambia alikuwa anajua siku nyingi alikuwa anaogopa kuniuliza. Alilala chini pembeni ya kitanda changu na asubuhi akakosa pindi lake tukaenda zahanati. Daktari ni kijana tu, alinisikiliza kama nusu saa, akaniuliza maswali mengi kuhusu kula na kulala na hilo wazo langu, akanipa dawa za wiki mbili na akampigia mshauri nasaha palepale mbele yangu. Nimeonana naye jana. Sikuongea sana, nililia. Hakunikataza. Narudi Alhamisi.

Barua nimeandika, rumeti kanisaidia kufupisha maana ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Barua ya mtendaji ilikuja kwa WhatsApp, original imepanda basi la Songea nategemea kesho. Nimeomba kuahirisha mitihani minne kati ya saba, mitatu nimeona naiweza. Nimegongewa muhuri saa tisa na dakika kumi, nimepiga picha nimemtumia mama ingawa hajui hata ni ya nini, kajibu asante mwanangu.

Yule mwalimu nilimkuta korido, safari hii aliniuliza hali ya nyumbani, sijui kaambiwa nini.

Ada bado. Mhasibu kasema barua iende kwenye kikao, jibu wiki ijayo. Padre kasema tusubiri kikao kwanza ndio atajua asimame wapi.

Swali moja lililobaki, nikiahirisha mitihani hii minne bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linasimama? Maana hapo ndio ninapokula na kidogo natuma nyumbani.

DadaMshauri

Nimefurahi mpaka nimesimama ofisini, ahsante sana kwa kurudi kutuambia. Na rumeti wako mwambie tumemsalimia.

Bumu. Kuahirisha mitihani bado ni mwanachuo uliyesajiliwa, unasaini kama kawaida, ule mwito ukitoka nenda kaweke kidole. Unachotakiwa usikose ni zile spesho zenyewe, maana mwisho wa mwaka matokeo yako yanapelekwa bodi, kozi ikibaki wazi hapo ndio mkopo wa mwaka wa tatu unakwama. Ukiahirisha mwaka mzima ni habari nyingine, mkopo unasimama ukiondoka na unarudi ukirudi, lakini lazima chuo kiwaandikie kwamba umeondoka kwa ruhusa, usiamini kwamba wamepeleka, fuatilia uone kwa macho.

Na hiyo ya kutuma nyumbani. Pesa ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, ilipandishwa kutoka 8,500 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, nayo bado ni ya mtu mmoja kula na kulala. Zungumza na baba mdogo mapema nani anabeba nini mpaka kahawa ivunwe. Liandike hilo kwenye karatasi uende nalo Alhamisi kwa mshauri, nalo ni la kuongelea pale, usiliache nje ya mlango.

kijana_wa_mbinga

Sawa dada. Nampigia baba mdogo jioni akitoka shamba.

Babu Chogo

Mdogo wangu nimesoma yote kuanzia juu, nilikushauri vibaya, nisamehe. Mimi nina mpwa wangu yuko nyumbani tangu mwezi wa 11, aliondoka chuo bila kuaga, dada yangu anasema anapumzika. Mzee wa sapu, UE ya kwao haijaanza bado, naweza kumpeleka hata kesho?

mzee_wa_sapu

Mpeleke kesho Babu. Asubuhi. Na muende na karatasi zote mlizonazo, hata za zahanati ya kijijini.